Sotoka, Sindano na Nyumbu wa Serengeti

Kila unapowadia msimu wa nyumbu kuvuka mto Mara, magazeti yetu hujaa picha zile zile. Mto umefura, mamba wamejilaza ukingoni, na nyumbu kwa maelfu wanajitosa majini kana kwamba wamepigiwa mbiu. Chini ya picha huandikwa maneno ambayo nimeyasoma mpaka nimeyachoka: Serengeti, ardhi isiyoguswa na mkono wa mwanadamu, Serengeti, kama ilivyokuwa siku ya kuumbwa kwa dunia. Leo nataka tuyazungumze maneno hayo, kwa sababu si ya kweli, na kwa sababu wapo watu waliohamishwa makwao kwa nguvu ya maneno kama hayo.

Mimi Serengeti nimefika mara tatu. Mara mbili nilipita nikiwa ndani ya basi la abiria litokalo Arusha kwenda Musoma, na mara moja nilikwenda kwa makusudi, mimi na wenzangu tuliochangishana fedha tukakodi gari. Sitaki mtu adhani kwamba naibeza nchi ile. Ukiteremka kutoka ukingo wa kreta ya Ngorongoro kuelekea Olduvai, uwanda hufunguka mbele yako mpaka jicho likachoka, na ndipo unapoelewa kwa nini Wamaasai waliuita siringet, yaani nchi iendayo bila kukoma. Katika safari moja ya basi, mama wa makamo aliyeketi nyuma yangu alitazama dirishani kitambo kirefu, kisha akamwuliza konda, "Sasa baba, nchi yote hii wenyewe wako wapi?" Konda akacheka. "Mama, wenyewe si ndio hao unaowaona? Hapa ni pa wanyama." Abiria wakacheka pia, na basi likaendelea na safari. Lakini mama yule alikuwa ameuliza swali la msingi kabisa.

Kulijibu inatubidi turudi nyuma zaidi ya miaka 130. Katika miaka ya mwisho ya 1880, ugonjwa wa sotoka uliingia Pembe ya Afrika pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Kabla ya hapo ng'ombe wa upande wetu hawakuwa wameujua, na hawakuwa na kinga yoyote. Ulishuka kusini kama moto wa nyika. Kufikia mwaka 1891 ulikuwa umekwisha kuipiga nchi ya Wamaasai, na mwaka 1896 ulikuwa umevuka mto Zambezi. Wanahistoria hukadiria kwamba mahali pengi walikufa ng'ombe tisa katika kila kumi. Wala haukuchagua wa kufugwa na wa porini. Nyati walikufa, nyumbu walikufa, pofu walikufa.

Mtu wa mjini anaweza kudhani kwamba ng'ombe akifa mwenyewe atakula mahindi. Mfugaji wa siku zile alipopoteza ng'ombe alipoteza maziwa ya watoto, mahari ya mwanawe, na kitu cha kubadilishana na wakulima kwa nafaka. Juu ya njaa hiyo ikaja ndui. Wamaasai wanakiita kipindi hicho Emutai, neno lenye maana ya kumalizika kabisa. Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, alifika Ngorongoro mwaka 1892 katikati ya maafa hayo. Aliacha maandishi juu ya watu waliobaki mifupa na ngozi, na wazazi waliokuwa tayari kuwatoa watoto wao wapate kuponyeshwa na njaa. Huyo ndiye anayetajwa kuwa Mzungu wa kwanza kuiona kreta. Nchi aliyoiona ilikuwa nchi yenye msiba.

Sasa angalia kilichofuata. Mahali pasipo na ng'ombe wa kula majani, wala wachungaji wa kuchoma nyasi kwa wakati wake, vichaka huota. Vichaka vikiota, mbung'o hupata makazi, na mbung'o akishakaa, mifugo haiwezi kurudi, na watu nao huandamwa na malale. Mwaka 1977 Helge Kjekshus aliandika kitabu kizima kueleza jinsi wenyeji wa Afrika Mashariki walivyokuwa wameyatawala mazingira yao kabla ya maafa ya miaka ya 1890, na jinsi utawala huo ulivyowaponyoka. Basi Wazungu walipokuja na bunduki zao na kamera zao, wakakuta mapori makubwa yasiyo na watu, walidhani wanayaona maumbile ya asili. Kumbe mahali pengi walikuwa wanatazama mahame.

Hata hivyo nchi haikubaki tupu muda mrefu. Wamaasai waliosalimika walijikusanya wakaanza upya. Upande wa magharibi walikuwapo Waikoma, Wanata na wengineo, wakilima na kuwinda. Ndani ya kreta yenyewe, kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani wawili, ndugu wa ukoo wa Siedentopf, walikuwa na mashamba na mifugo. Jambo hili la Wajerumani huwa halisimuliwi sana kwa watalii, labda kwa sababu linaiharibu ile picha ya bustani ya Edeni.

Waingereza nao walianza kwa kuhofia bunduki za wawindaji wao wenyewe, waliokuwa wakiwamaliza simba. Katika miaka ya 1920 wakazuia uwindaji katika sehemu, wakaendelea kupanua zuio hilo, hata mwaka 1951 Serengeti ikawa hifadhi kamili ya taifa, na wakati huo Ngorongoro ilikuwa ndani yake. Wamaasai waliokuwamo waliambiwa kwamba haki zao hazitaguswa. Lakini haukupita muda mrefu yakaanza malalamiko: ng'ombe wanamaliza maji, watu wanalima, moto unawashwa ovyo. Mwaka 1956 aliletwa mtaalamu wa mimea kutoka London, Profesa Pearsall, achunguze. Mwisho wa majadiliano nchi ile iligawanywa. Serengeti iwe ya wanyama peke yao. Ngorongoro itolewe katika hifadhi ya taifa, iwe eneo ambamo watu na wanyama wataishi pamoja. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai waliweka saini karatasi ya kuridhia kuondoka Serengeti. Sheria ya Ngorongoro ikapitishwa mwaka 1959, na watu wakahama. Ukienda leo kwenye majabali ya Moru, ndani ya Serengeti, utaonyeshwa ngao zilizochorwa na wamorani kwenye kuta za mwamba, na jiwe ambalo likigongwa hulia kama kengele. Watalii huvipiga picha, nami pia nilivipiga.

Katika miaka hiyo hiyo ndipo walipokuja Profesa Bernhard Grzimek, aliyekuwa mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael. Ndege yao ndogo waliipaka milia kama pundamilia, wakaruka nayo wakihesabu wanyama. Tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tai ikaanguka, na Michael akafa akiwa na miaka 24. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta, na baba yake, aliyefariki mwaka 1987, amelala ubavuni pake. Filamu waliyoitengeneza, ya kudai Serengeti isiachwe ife, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960 na kuitangaza nchi yetu duniani kote. Grzimek aliipenda Serengeti kwa dhati, na mtu aliyemzika mwanawe kwa ajili ya kazi hiyo anastahili heshima. Lakini msimamo wake ulikuwa kwamba hifadhi isikae binadamu hata mmoja, hata mwenyeji. Msimamo huo ulisafiri pamoja na filamu.

Hapa sasa ndipo penye jambo ambalo mimi naona ni la ajabu kuliko yote, nalo halimo katika vitabu vya kugawia watalii. Akina Grzimek walihesabu nyumbu wasiotimia laki moja. Hesabu nyingine iliyofanywa kwa picha za ndege mwaka 1961 ilipata kati ya laki mbili na laki tatu. Kufikia mwaka 1977 nyumbu walikuwa zaidi ya milioni moja! Walitoka wapi? Ulinzi wa hifadhi ulisaidia, na mvua za kiangazi za miaka ya 1970 zilisaidia pia. Lakini wanasayansi walipochunguza walikuta kwamba nyati nao waliongezeka sana, ilhali pundamilia, anayekula majani yale yale na kuwindwa na simba yule yule, hakuongezeka kwa namna hiyo. Pundamilia hacheui, na sotoka ni ugonjwa wa wanyama wacheuao.

Maelezo yake ni haya. Katika kituo cha utafiti cha Muguga, Kenya, daktari wa mifugo aliyeitwa Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo mpya ya sotoka, rahisi na ya kuaminika. Ng'ombe waliochungwa kandokando ya Serengeti wakachanjwa. Hakuna nyumbu hata mmoja aliyechomwa sindano. Lakini ng'ombe walipopona, sotoka ikatoweka na huko porini, maana kumbe ng'ombe ndio waliokuwa wakiutunza ugonjwa huo, na kila mwaka ulikuwa ukiwaua ndama wa nyumbu na wa nyati. Kwa hiyo milioni ya nyumbu inayovuka mto Mara, inayoitwa maajabu ya maumbile yasiyoguswa, ni matunda ya sindano. Nani waliowakusanya ng'ombe, wakawabana mazizini, wakawashika pembe ili wachomwe? Ni wafugaji wale wale walioambiwa kwamba wao na wanyama hawawezi kukaa pamoja. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imekwisha kabisa. Katika sherehe zile sikumsikia mtu akiwashukuru.

Nyumbu walivyozidi, wafugaji wakalipa kwa njia nyingine. Ndama wa nyumbu huacha virusi ambavyo yeye havimdhuru, lakini ng'ombe akivipata hushikwa na homa kali na kufa. Wamaasai walilijua hilo tangu zamani, na ni Plowright huyo huyo aliyevitambua virusi hivyo maabara mwaka 1960. Sasa nyumbu huzaa miezi ya mwanzo wa mwaka katika nyanda zenye majani mafupi, matamu, yenye chumvichumvi inayojenga mifupa ya ndama. Mfugaji wa Ngorongoro huyatazama majani hayo kwa mbali, maana akishusha ng'ombe wake atawaua. Nyumbu wakiwa laki mbili, aliweza kuwakwepa. Wakiwa milioni, amebanwa milimani.

Na ahadi je? Mwaka 1959 Gavana Turnbull aliwaambia Wamaasai kwamba katika Ngorongoro, maslahi ya watu yakigongana na ya wanyama, ya watu ndiyo yatakayotangulia. Gavana alikwenda zake, bendera ikabadilika. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta walitolewa, na mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku katika eneo zima. Mwaka 1992 kiliruhusiwa tena kidogo, mwaka 2009 kikazuiwa upya. Kuanzia mwaka 2022 serikali imekuwa ikihamishia familia katika kijiji cha Msomera, wilayani Handeni, ikisema ni kwa hiari yao. Wengine waliobaki wanalalamika kwamba huduma zinapunguzwa ili hiari hiyo ipatikane. Mwaka huo huo kule Loliondo ziliwekwa alama za mipaka kutenga kilometa za mraba 1,500, na palitokea ghasia.

Serikali inayo hoja, na si haki kuificha. Wakati wa kugawanya, watu wa Ngorongoro walikadiriwa kuwa kama 8,000. Mwaka 2022 ilielezwa kwamba wamezidi 100,000. Eneo ni lile lile, kilometa za mraba 8,292. Watoto wale wanahitaji shule, zahanati na chakula, na mtu hawezi kusema hilo litajiendesha lenyewe. Lakini mimi huona tabu ninaposikia ongezeko la watu likitajwa kama uharibifu wa kitu cha asili, huku ongezeko la nyumbu, lililotokana na mkono wa daktari na zizi la mfugaji, likitajwa kama ndiyo asili yenyewe.

Ukibahatika kupita huko mwezi wa Februari, simamisha gari karibu na Ndutu. Utawaona ndama wa nyumbu wakizaliwa na kusimama kabla hujamaliza kikombe cha chai, na fisi wakizunguka pembeni, na majani mabichi yamejaa uwanda mzima. Kisha geuka nyuma yako utazame milima ya Ngorongoro iliyofunikwa na wingu. Ng'ombe wako huko juu, kwenye baridi, wakisubiri nyumbu waondoke.