Sarafu-fiche, Kripto au Tokeni: Mwandishi wa Blogu Analipwa Nini?

Magazeti na redio zetu zina majina mengi kwa kitu hiki kimoja: sarafu-fiche, sarafu ya kidijitali, sarafu ya mtandaoni, kripto. Katika habari ya kupanda na kushuka kwa Bitcoin, kuchanganya majina hayo hakumuumizi mtu. Madhara huanza pale mtu anapoambiwa aache kuandika bure Facebook, ahamie kwenye blogu fulani ambako "atalipwa sarafu". Hapo jina linatoa ahadi ambayo kitu chenyewe hakiwezi kuitimiza.

Ninaowafikiria hasa ni wasemaji wa Kiswahili wa Louisville, Columbus na Buffalo, nchini Marekani. Miji hii imepokea wakimbizi wengi kwa miaka mingi: Wakongo kutoka Kivu waliopitia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, Warundi, na Wabantu wa Somalia waliotoka kambi ya Kakuma nchini Kenya na kuanza kufika Marekani miaka ya 2003 na 2004. Ni watu wanaoandika kila siku. Wanaandika habari za Uvira na Bukavu, mahubiri, tanzia, maelekezo ya kupata leseni ya udereva. Maandishi yote hayo huenda WhatsApp, Facebook na TikTok, na walio wengi hawapati hata senti. Kwao, kulipwa kwa kuandika ni jambo zito, na wanastahili kuelezwa kwa maneno sahihi.

Tuanze na "fiche". Kripto ni neno lenye asili ya Kigiriki, na maana yake ni kilichofichwa. Tafsiri ya sarafu-fiche imelifuata kwa uaminifu. Lakini ni nini hasa kilichofichwa? Leja ya Bitcoin, yaani daftari la miamala yake, iko wazi tangu Januari 2009. Mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuona kila muamala uliowahi kufanyika, kiasi chake na saa yake. Kinachofichwa ni ufunguo wa siri, ile namba ndefu anayoitumia mwenye mali kutia saini anapotuma. "Fiche" ni sifa ya ufunguo, nasi tumeivisha fedha. Matokeo yake wako wanaoogopa kripto kama biashara ya wezi, na wako wanaoipenda kwa kudhani mtoza kodi haioni. Wote wawili wamepotoshwa na jina. Mimi nachagua "kripto" tupu, kama tulivyochukua redio na intaneti, maana neno lisilobeba maana ya Kiswahili halina la kumdanganya msomaji.

"Sarafu" nayo ina matatizo makubwa zaidi. Kwa Mswahili sarafu ni pesa: unaitoa mfukoni, muuzaji anaipokea, mnaagana. Pako mahali jina hili lilipokaa sawasawa. Mwaka 2013, katika mtaa wa Bangladesh mjini Mombasa, wafanyabiashara wadogo walianzisha Bangla-Pesa, vocha za kununuliana mboga na huduma pale shilingi zilipoadimika. Mwanzilishi wake, Will Ruddick, na baadhi ya wenzake walikamatwa mwaka huohuo, kisha mashtaka yakafutwa. Mradi ukakua, ukaingia kwenye leja ya kidijitali inayofikiwa hata kwa simu ya kawaida, na ukaitwa Sarafu. Jina lilistahili, kwa kuwa jirani aliipokea na jirani mwingine akaipokea kwake.

Serikali ya jimbo la Ohio, yenye makao yake Columbus, nayo iliwahi kuijaribu maana hiyo. Novemba 2018 mweka hazina wa jimbo la Ohio, Josh Mandel, alitangaza kuwa kampuni zinaweza kulipa kodi za jimbo kwa Bitcoin. Ohio likawa jimbo la kwanza Marekani kufanya hivyo. Malipo yalipitia kampuni ya BitPay, iliyoigeuza Bitcoin kuwa dola kabla ya serikali kuigusa. Kampuni zilizojitokeza hazikufika hata kumi, na Oktoba 2019 mrithi wake, Robert Sprague, akausimamisha mpango. Serikali iliyosema inapokea Bitcoin ilikuwa inapokea dola.

Sasa tumtazame mwandishi. Mfano mkubwa wa blogu inayolipa ni Steemit, iliyoanzishwa mwaka 2016 na Ned Scott na Daniel Larimer. Mwanzoni haikuwa na matangazo wala ada ya kusoma. Mfumo ulizalisha tokeni mpya kila siku na kuziweka kwenye mfuko wa pamoja. Wasomaji walipiga kura, na mfuko ukagawanywa kwa kura hizo. Waanzilishi waliuita utaratibu huu uthibitisho wa akili, kwa kuufananisha na uthibitisho wa kazi wa Bitcoin, ambao kompyuta hufanya kwa kuteketeza umeme na watu wakauita uchimbaji.

Lakini kura hazikuwa sawa. Uzito wa kura ulitokana na wingi wa hisa za mpiga kura ndani ya mfumo. Wenye hisa nyingi waliitwa nyangumi, na kura moja ya nyangumi ilizidi kura za mamia ya wasomaji wa kawaida. Fikiria mama wa Louisville anayeandika kwa Kiswahili juu ya malezi ya watoto ugenini, na wasomaji wake mia mbili wanaompenda kwa dhati. Kama hakuna hata mmoja kati yao mwenye hisa za maana, makala yake huvuna karibu na sifuri. Nyangumi wengi hawakujua Kiswahili, na baadaye wengi wao hawakusoma kabisa: walikodisha kura zao kwa programu zilizouza kura kwa yeyote mwenye kulipa. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi katika habari yote hii, kwamba malipo yaliyoitwa ya akili yaligawanywa kwa mtaji.

Kwa hiyo neno linalofaa kwa malipo haya ni "tokeni", na bahati nzuri Afrika Mashariki tunalijua tangu zamani. Anayenunua umeme kwa simu hupata tokeni, tarakimu za kuingiza kwenye mita. Zina thamani kamili kwenye mita hiyo. Ukizipeleka sokoni kununua nyanya, muuzaji atakushangaa. Tokeni ya blogu nayo ni haki inayotambuliwa ndani ya mfumo mmoja. Inageuka fedha siku tu anapopatikana mtu wa nje anayetaka kuinunua, kwa bei anayoitaka yeye.

Na bei hiyo huyumba vibaya. Januari 2018 tokeni ya Steemit, iitwayo Steem, ilipita dola 8. Kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa chini ya senti 50, na Novemba kampuni ikawaachisha kazi karibu asilimia 70 ya wafanyakazi wake. Tena katika malipo ya kawaida nusu ilifungwa kama hisa, na kuitoa kulichukua majuma 13, kidogo kidogo kila juma. Februari 2020 kampuni ikanunuliwa na Justin Sun wa Tron, mfumo mwingine wa kripto. Mwezi uliofuata sehemu kubwa ya wanachama wakajitenga na kuanzisha leja yao, Hive.

Kuandika bure, je? Meta, mmiliki wa Facebook, ilipata zaidi ya dola bilioni 160 mwaka 2024, karibu zote kutoka kwa matangazo yanayowekwa kando ya maandishi na picha za watu. Mwandishi wa Buffalo anayesimulia mazishi ya mzee wao ni sehemu ya kilichouzwa. Hata hivyo anachokipata si kidogo: ndugu zake wote wako hapo, na tanzia inawafikia Columbus na Nyarugusu kwa dakika moja.

Kuna tofauti nyingine isiyotajwa na wanaotangaza blogu hizi. Kilichoandikwa kwenye leja ya namna hiyo hakifutiki. Tovuti inaweza kuacha kukionyesha, lakini nakala hubaki katika kompyuta nyingi duniani. Kwa mshairi hilo ni neema. Kwa mtu aliyekimbia vita akaacha jamaa Uvira au Minembwe, ni hatari ya kweli. Ukiandika leo jina la kijiji na nani yuko wapi, kesho hali ikageuka, Facebook utaifuta habari hiyo na angalau utawapunguzia watu mwanya wa kuiona. Kwenye leja huna la kufanya. Malipo yoyote ya tokeni hayalipi gharama hiyo.

Halafu iko kodi. Tangu mwaka 2014 mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, imesema kripto ni mali, si fedha. Ukilipwa tokeni kwa kazi, umepata kipato siku ile uliyozipokea, kwa bei ya siku ile. Chukua mfano wa kubuni: umelipwa tokeni 100 zikiwa dola 8 kila moja, ukazitunza, zikashuka hadi senti 30. Mkononi una dola 30, lakini kipato unachodaiwa kukitaja ni dola 800. Ukiziuza utahesabu hasara, na hasara hiyo ina taratibu na mipaka yake. Faida halisi ya kazi binafsi ikifika dola 400 kwa mwaka, unadaiwa pia kodi ya kujiajiri, asilimia 15.3. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 asipokee kitu kabla ya kuuliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake, kwani ruhusa yake ya kufanya kazi ina mipaka.

Mji nao una maana. Kentucky ilipitisha sheria mwaka 2021 za kuwapunguzia kodi wachimbaji wa kripto, lakini hizo ni za wenye mitambo, si za mwandishi wa Louisville. New York ilianza kudai leseni maalumu kwa biashara za kripto mwaka 2015, baadhi ya masoko ya kripto yakaondoka, na hadi leo yako yasiyomhudumia mkazi wa Buffalo. Anaweza kulipwa tokeni ileile anayolipwa mwenzake wa Columbus, akakosa mahali alipopazoea mwenzake pa kuiuza.

Ukiamua kuandika kwa tokeni, weka daftari: tarehe, idadi, bei ya siku hiyo kwa dola. Ukurasa wa kwanza wa fomu 1040 unamuuliza kila mlipakodi kama alipokea mali ya kidijitali mwaka huo, na aliyelipwa tokeni anatakiwa kujibu ndiyo.