Bwawa la Nairobi

Wazee walisema kwamba maji hufuata mkondo. Mji wa Nairobi wenyewe ulipata jina lake kwa maji, maana Wamasai walipaita mahali hapo Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Reli kutoka Mombasa ilifika mwaka wa 1899, na watu wakajenga kwa haraka katika uwanda wenye matope, pasipo mifereji ya kuondolea uchafu. Ikazuka tauni, na mwaka wa 1902 soko la Wahindi likachomwa moto kwa amri ya serikali.

Hofu ya maradhi ilileta shauri jema na shauri baya. Jema lilikuwa kulaza mabomba ya maji machafu. Baya lilitolewa na Profesa William Simpson mwaka wa 1913, aliyetaka watu watengwe kwa rangi zao. Basi mabomba yakafuata mitaa ya wenye nguvu. Kibera, kusini-magharibi ya mji, ambako askari Wanubi walikuwa wamepewa makao, haikupata bomba. Serikali haikukubali kwamba pale pana mtaa wa kudumu; na mtaa usiokubaliwa hauchimbiwi mfereji.

Katika mwaka wa 1953 mto Motoine, utokao upande wa Dagoretti, ulizuiwa chini ya Kibera, likapatikana Bwawa la Nairobi, liwe akiba ya maji ya mji. Lilikuwa ziwa dogo la kupendeza. Watu walivua samaki na kushindana kwa mashua za tanga. Lakini baada ya Uhuru wa 1963 watu walizidi kumiminika mjini kutafuta kazi. Kibera ikajaa, mabomba yasifike, na uchafu wa vyoo ukashuka na mvua hadi bwawani.

Je, uchafu huuaje ziwa? Ndani yake mna naitrojeni na fosforasi, ambazo hulisha mimea kama samadi shambani. Gugu-maji, mmea wenye asili ya Amerika ya Kusini, likishiba chakula hicho hutanda juu ya maji kama mkeka, likazuia jua. Majani yake yakifa huoza, na vijidudu viyaozeshavyo hutumia oksijeni, samaki wakakosa pumzi. Kabla ya karne ya 20 kwisha, bwawa lilikuwa limefunikwa.

Wala dawa haikuwa siri. Huko Ruai, mashariki ya jiji, yako mabwawa ya kusafishia maji taka. Maji hupita polepole toka bwawa hata bwawa. Mashapo huzama, mwani wa kijani hutoa oksijeni kwa nguvu za jua, na vijidudu hula uchafu, ndipo maji huachiliwa mtoni. Lakini maji yasiyoingia katika bomba hayawezi kufika Ruai. Kwa hiyo gugu limeng'olewa mara kadhaa, nalo limerudi, kwa kuwa chakula chake hakikukatwa.

Maji ya bwawa hilo huenda mto Ngong, kisha mto Nairobi, kisha Athi, hata yakaingia baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Basi, vijana, mkiona ziwa limekufa, msiwalaumu tu wakaao kando yake. Ulizeni kwanza bomba lilikomea wapi, na kwa nini.