Jinsi ya kupanga vitu kwa makundi katika seva ya mchezo: Mfano wa Ndera

KATIKA mchezo wa kompyuta unaochezwa na watu wengi kwa wakati mmoja, kila mchezaji huwa na mashine yake, lakini dunia ya mchezo ni moja, nayo hutunzwa na kompyuta kuu iitwayo seva. Seva ndiyo huamua nani amechuma embe, shoka lipi limeangusha mti na kama ng'ombe ameruhusiwa kupita. Huamua hayo kwa kufuata maagizo yaliyoandikwa na mtunzi, yaani skripti.

Kazi ya kwanza ya mtunzi ni kuorodhesha vitu. Kazi ya pili, ambayo ni ngumu zaidi, ni kuvigawa katika makundi.

Makala haya yanaeleza kazi hiyo kwa kutumia Luanti, programu huria ya michezo iliyoanzishwa na Perttu Ahola wa Finland mwaka 2010 kwa jina la Minetest, ikabadilishwa jina mwaka 2024. Skripti zake huandikwa kwa Lua, lugha ya kompyuta iliyobuniwa mjini Rio de Janeiro, Brazil, mwaka 1993. Tuchukulie kwamba mtunzi anataka kuigiza maisha ya Ndera, kando ya Mto Tana nchini Kenya.

Kanuni moja kwa wengi

Asemaye Kiswahili anaifahamu faida ya makundi bila kufundishwa. Hakuna aliyekariri kwamba mwembe huitwa mrefu, kisha akakariri upya kuhusu mgomba na mnazi. Kanuni ni ya ngeli, si ya neno moja moja. Neno geni likiingia katika ngeli hupokea upatanisho wake papo hapo.

Skripti nayo ni hivyo. Mchezo wenye miti ya aina 40 na mashoka ya aina 5 ungehitaji kanuni 200 iwapo kila shoka lingeandikiwa kila mti. Miti yote ikiwekwa katika kundi moja, kanuni 5 zatosha, na mti wa 41 hauongezi hata moja.

Katika Luanti, kila kitu hupewa jina lenye sehemu mbili, kwa mfano ndera:mwembe. Chini ya jina hilo mtunzi huandika makundi na kiwango cha kila kundi kwa tarakimu: mti = 1, hukatwa = 2. Shoka haliulizi kama mbele yake pana mwembe au mgomba. Huuliza kiwango cha 'hukatwa'. Kitu kisichokuwa katika kundi huhesabiwa kuwa na 0. Vivyo hivyo, kanuni ya kuchonga mtumbwi yaweza kutaja gogo lolote la kundi la 'mti' badala ya kutaja miti yote kwa majina.

Majina ya makundi huchaguliwa na mtunzi mwenyewe, hivyo hakuna kinachomzuia kutumia Kiswahili au Kipokomo. La muhimu ni kwamba kundi lieleze kile kinachoweza kutendeka kwa kitu, si sura yake. Kundi liitwalo 'mimea' halimsaidii mtu. 'Huliwa', 'hukatwa' na 'hupandwa' humsaidia.

Kitu kimoja, makundi mawili

Kosa kubwa kuliko yote ni kudhani kwamba kila kitu kina kundi moja tu, kama nguo iliyowekwa katika sanduku moja. Embe ni chakula, ni bidhaa ya sokoni na pia ni mbegu. Akiliandika kuwa chakula pekee, mtunzi atashangaa wachezaji wakishindwa kulipanda.

Kwa upande wa Ndera, kosa hilo huonekana wazi zaidi katika ardhi. Ndera ni jina la mojawapo ya makundi ya Wapokomo, ambao ni wakulima na wavuvi wa kingo za Tana. Waorma na Wardei ni wafugaji, na wakati wa kiangazi hushusha mifugo mtoni kupitia njia ziitwazo malka. Skripti ikiandika kila kipande cha ukingo kuwa 'shamba' pekee, ng'ombe ataulizia kiwango cha 'njia', atajibiwa 0, naye atakufa kwa kiu akiyatazama maji. Ikiandika 'njia' pekee, hakuna atakayeweza kupanda mpunga. Jibu ni kuandika shamba = 1 na njia = 1 pale ardhi inapotumiwa na pande zote mbili, kisha kuongeza kanuni ya msimu: mazao yakiwa shambani njia hufungwa, yakivunwa hufunguliwa.

Jambo hili si la mchezo tu. Mapigano ya mwaka 2001 katika Tana River yalihusishwa na mpango wa serikali wa kupima na kugawa mashamba, ambao wafugaji waliupinga kwa kuhofia kukosa njia ya kufikia maji. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma, na ugomvi wa ardhi na maji ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa.

Kurekebisha

Majina ya vitu huhifadhiwa ndani ya dunia ya mchezo, hivyo kuyabadilisha baadaye huacha vitu visivyotambulikana. Makundi hayahifadhiwi humo. Husomwa upya kila seva inapowashwa. Mtunzi aliyesahau malka ana nafasi ya kuongeza neno moja, kuzima seva na kuiwasha tena. Kwa hiyo ni busara, kabla ya kuandika kundi lolote, kumuuliza kila anayekitumia kitu hicho, mkulima na mfugaji, yeye hukifanyia nini.