Kanuni za TRUST

Kanuni za TRUST ni mwongozo wa maadili ya utafiti uliotolewa mwaka 2018 kwa ajili ya tafiti zinazofanyika kwenye mazingira yenye uhaba wa rasilimali, hasa pale fedha na watafiti wakuu wanapotoka nchi tajiri. Zilitungwa chini ya mradi uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, kuzuia tabia ya kuhamishia nchi maskini tafiti ambazo zisingeruhusiwa katika nchi za wafadhili wenyewe.

Vifungu vyake 23 vimejengwa juu ya haki, heshima, kujali na uaminifu. Idhini ya kamati ya maadili ya nchi mwenyeji huombwa hata kama ya Ulaya imekwishapatikana. Watafiti wenyeji hushirikishwa tangu usanifu wa utafiti hadi uandishi wa makala. Wakalimani na waratibu wa mtaani, ambao aghalabu husahaulika, hulipwa ipasavyo. Na matokeo hurudishwa kwa jamii kwa lugha inayoeleweka.

Miongoni mwa walioshirikishwa kuzitunga ni Wasan wa Afrika Kusini, waliotoa kanuni zao wenyewe mwaka 2017, na wanawake wanaofanya biashara ya ngono Nairobi, ambao kwa miaka mingi wameshiriki tafiti za VVU. Kanuni hizi si sheria. Nguvu yake hutegemea masharti ya mfadhili.