Namna Uvuvi wa Ndoano Ulipotea Kalembe

Wengi mnatuuliza: mbona mnafundisha vijana kufunga ndoano, na Kalembe hakuna ziwa? Uvuvi wa ziwa unajulikana. Sambaza waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960, na kazi yao inaomba mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, wavu na taa. Wa kwetu ni wa mto, hakuna aliyeuandika.

Wazee walikata mwanzi, wakauanika kivulini, wakafunga kamba ya nyuzi za mti. Ndoano ilitoka kwa mhunzi. Kina mama nao waliziba kijito wakati wa jua na kuchota maji kwa vikapu. Mtoto alijifunza kwa kukaa pembeni, basi.

Kule kukaa pembeni ndiko vita ilivunja. Tangu Machi 1993, ilipoanzia soko la Ntoto, tunakimbia na kurudi. Oktoba 2024 M23 wakaingia Kalembe, tukakimbia tena. Kambini kijana anajifunza kupanga mstari tu. Akirudi na njaa anashika chandarua ao anamwaga utupa, na hata vitoto vya samaki vinakufa.

Ndiyo maana hatugawi fito za duka. Kila kijana anakata mwanzi wake, anachonga chelezo kutoka kandambili ya zamani. Uzito ni kijiwe, risasi tumezichoka. Tunanunua nailoni na ndoano peke yake. Fundo ndilo linachukua siku mingi.