Masomo ya Watoto Wetu kati ya Kanisa na Serkali

Katika furaha ya yubile hii tunapenda kukumbuka jambo lililowasumbua sana wazee wetu: nani mwenye haki juu ya mafundisho ya mtoto?

Wamisionere Waasomsio walifika upande wetu wa Beni mwaka 1929. Siku zile masomo ya watu weusi yalikuwa karibu yote mikononi mwa misioni. Tangu mwaka 1954, Minista Buisseret wa Ubeljiji alianza kufungua masomo ya serkali yasiyofuata dini, na mabishano makali yakatokea.

Lakini jaribu kubwa lilikuja baada ya uhuru. Mwishoni mwa mwaka 1974 serkali ya Rais Mobutu ilitwaa masomo yote ya makanisa. Somo la dini likaondolewa, na mafundisho ya chama cha MPR yakashika nafasi yake. Wakati ule Mwashamu Emmanuel Kataliko ndiye aliyechunga jimbo letu la Butembo-Beni. Katekisimu ikabaki kazi ya wazazi nyumbani na ya wakatekista kanisani.

Serkali ilipoona mzigo ni mzito, tarehe 26 Februari 1977 ilifanya mapatano na Wakatolika, Waprotestanti na Wakimbangu. Kanisa likarudishiwa uongozi wa masomo yake. Serkali ikabaki na programu na mishahara ya walimu.

Tumejifunza nini? Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulitangaza mwaka 1965 kwamba mtu asilazimishwe katika mambo ya dini. Nayo Katiba ya mwaka 2006 yasema kwamba inchi yetu haina dini ya serkali, na kwamba mafundisho ya dini katika masomo hutolewa kwa watoto ambao wazazi wao wameyaomba.

Basi tujiulize bila kujificha. Katika masomo yetu, watoto wa Waprotestanti na wa Waislamu huketi pamoja na wetu. Kama tulihuzunika serkali ilipowanyima watoto wetu sala, tutawezaje kumshurutisha mtoto wa jirani asali kama sisi? Haki tuliyoidai mwaka 1974 ni yake pia. Imani hupandwa kwa mfano mwema, haipandwi kwa fimbo.