Kabla ya Kuziba Jino: Historia Iliyopitia Morogoro

Leo tuweke kando habari za boom na mitihani, tuongee historia. Siyo ya wafalme wala vita, ni historia ya tobo la jino. Msicheke jamani, kipande chake muhimu kimetokea hapa hapa Tanzania, na wengi tunaosomea ualimu hatukijui.

Swali ni hili: daktari akitaka kuziba jino, anaandaaje mahali pa kuzibia ili kizibo kisidondoke?

Zamani jibu lilikuwa moja, kuchimba. Amalgamu, ule mchanganyiko wa zebaki na fedha, haishikani na jino. Kwa hiyo mwishoni mwa karne ya 19 Mmarekani G.V. Black akaweka kanuni: tobo lichongwe kama kasha, kizibo kikae kwa sababu hakina pa kutokea. Ubaya wake, jino zima nalo linakatwa, na mashine inataka umeme.

Mwaka 1955, huko Rochester, New York, Michael Buonocore akaja na wazo jingine. Alijua viwandani wanapaka chuma asidi kabla ya rangi ili rangi ishike. Naye akapaka asidi ya fosforiki asilimia 85 kwenye enameli, lile ganda gumu la nje ya jino, kwa sekunde 30, kisha akaosha na kukausha. Asidi inaacha vitundu vidogo mno, resini inaingia humo na kung'ang'ania. Si mnajua fundi anavyougongagonga ukuta laini kabla ya kupiga plasta? Ndiyo hivyo hivyo. Ila hapa jino lazima lisiguswe na mate, la sivyo kazi bure.

Mwaka 1972 Alan Wilson na Brian Kent wa London wakatangaza glasi ayonoma. Ni unga wa kioo unaochanganywa na asidi. Hii inashikana yenyewe na kalsiamu ya jino, inavumilia unyevu kiasi, na inatoa floraidi kidogo kidogo.

Sasa njooni Morogoro. Katikati ya miaka ya 1980, shule ya udaktari wa meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikuwa na mpango wa huduma ya meno mkoani humo. Mholanzi Jo Frencken na wenzake wakajiuliza: pasipo umeme, mgonjwa ang'olewe tu? Wakajaribu vifaa vya mkono peke yake. Njia hiyo ikaja kuitwa ART (siyo ile ya dawa za UKIMWI, hapana), na glasi ayonoma ikawa nyenzo yake kuu.

Kazi inakwenda hivi. Unakwangua sehemu laini iliyooza kwa kijiko kidogo cha chuma. Unapaka asidi hafifu kwa pamba, sekunde 10 hadi 15. Unafuta kwa pamba yenye maji, unakausha kwa pamba nyingine. Unajaza, halafu unakandamiza kwa kidole kilichopakwa vaselini. Basi! Hakuna mashine, na mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki.

Mwaka 1991 ikajaribiwa Thailand, 1993 Zimbabwe, na 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza Siku ya Afya Duniani. Mwaka 2021 glasi ayonoma ikaingia kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu.

Sasa kinachoniuma. Kijijini, kama kule kwetu Kiloleli, mtoto akilia jino wazo la kwanza la watu ni koleo. Wakati mwingine kweli hakuna njia nyingine, maana uozo ukishafika kwenye mshipa ART haisaidii tena. Hata tobo kubwa linalogusa pande mbili za jino kizibo chake hakidumu sana. Njia hii inapendelea tobo dogo lililowahiwa.

Na nani ataliwahi? Mtoto hasemi mpaka aumwe. Anayemwona akicheka na kusoma kwa sauti kila siku ni mwalimu, yaani sisi. Ukiona kidoa cheusi au katobo, mwite mzazi mapema, mwambie aulize kliniki kama wanaziba, asisubiri jino livimbe.

Haya, ngoja niwahi foleni ya chakula. Tuko pamoja!